Usiwafukuze Njiwa Wake: Tuliyojifunza kwa Reli ya Uani



Mwezi wa Shaabani ndio mwezi wetu wa kukesha. Kila mtu anataka kuozesha kabla ya Ramadhani, na kwenye duka letu la ushonaji hapa Igoma, Mwanza, mashela yananing'inia mpaka mlangoni. Siku moja bi harusi alikuwa amesimama juu ya kigoda tukimpimia upindo, huku anatueleza anavyoipanga nyumba yake mpya. Makochi yatakaa hapa, kabati la vyombo pale, pazia rangi fulani. Halafu akasema, "Na wale njiwa wake, nikiingia tu wanatoka. Mwanamume mzima anashinda bandani na njiwa!"

Tulitazamana. Sote wawili tulikuwa na pini midomoni, hata kucheka tukashindwa.

Tukamuuliza, "Umewahi kumuuliza kwa nini anawafuga?"

Akasema hajawahi. Kwani kuna sababu gani ya kufuga njiwa?

Tumeamua kuandika haya kwa sababu na sisi tuliwahi kutaka kukitoa nyumbani kitu alichokipenda mtu. Kwetu hakikuwa njiwa. Kilikuwa treni.

Kwanza mtujue. Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Mmoja wetu kazaliwa Chake Chake, akasoma mpaka kidato cha nne, akachukua kozi ya ushonaji, kisha ndoa ikamleta bara. Mwenzake ni mzaliwa wa hapahapa Mwanza, na ufundi alifundishwa na wifi yake. Mwanamume tunayemzungumzia kwa mmoja wetu ni mume, kwa mwingine ni kaka wa tumbo moja. Humu tutamwita Fundi, maana kazi yake ni kutengeneza madirisha na milango ya aluminiamu.

Uani kwetu kuna reli. Ni reli ndogo, upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 45, na inazunguka mchaichai, mti wa limau na jiwe moja kubwa tulilolikuta hapo, maana Mwanza hakuna kiwanja kisicho na jiwe. Ukitembea juu yake mzunguko mzima ni mita 21 na kidogo. Juu yake kinapita kichwa cha treni chenye urefu wa mkono tangu kiwiko mpaka vidoleni, kinavuta mabehewa matatu ya bati.

Wenzetu huko Ulaya wana mchezo huu tangu zamani. Kuna kampuni ya Nürnberg, Ujerumani, ambayo mwaka 1968 ilitoa treni za kuchezea zinazostahimili mvua na jua, zinazoitwa LGB, na tangu hapo watu wengi wamejenga reli kwenye bustani zao. Upana wa milimita 45 nao haukuchaguliwa ovyo. Reli ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928 ina upana wa mita moja. Ukiigawa mita moja kwa 22.5 unapata kama milimita 44 na nusu. Reli mpya ya kisasa ina upana wa milimita 1,435, na hiyo ukiigawa kwa 32 unarudi palepale karibu na 45. Kwa hiyo reli moja ya uani inaweza kubeba treni ya babu na treni ya mjukuu. Fundi alipotueleza hesabu hiyo mara ya kwanza tulimwona kachanganyikiwa. Siku hizi tunamweleza kila mgeni.

Na nyinyi wa visiwani msitucheke, reli ilianza kwenu. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 mpaka 1888, alijengewa reli nyembamba ya futi mbili kutoka kwenye kasri lake mjini kwenda Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye kikaagizwa kichwa kidogo cha mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki, reli ikang'olewa. Mwaka 1905 ikaja reli nyingine, ya kutoka Mji Mkongwe kwenda Bububu, kama maili saba. Nayo leo haipo. Reli ya kwanza ilikuwa ya starehe ya mtu mmoja, na mwenyewe alipoondoka hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitunza. Mtaona kwa nini tumeitaja.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Dukani tulikuwa na kibubu. Kila shela likitoka, tunatoa kitu tunatia humo, tukikusudia kununua mashine ya ovaloki, ile inayokata na kuziba nyuzi za pembeni kwa mpigo mmoja. Anayeshona kwa biashara anajua tofauti ya kazi yenye ovaloki na isiyo nayo. Zilifika shilingi laki saba. Tulizificha katikati ya majora ya satini, mahali ambapo kwa akili zetu mwanamume hafiki.

Alifika. Alikuwa amepata habari ya kichwa cha treni cha mtumba kutoka Ujerumani, mtu anakuja nacho, na bei yake ndiyo hiyohiyo. Akachukua, akijiambia atarudisha kabla hatujajua. Tulijua siku muuza mashine aliponipigia simu... tuseme aliponipigia mmoja wetu, akasema ovaloki imefika, njooni na pesa.

Hatutaeleza yote yaliyosemwa usiku ule. Itoshe kusema begi lilifungwa. Wa Chake Chake alikuwa amekwisha hesabu nauli ya basi mpaka Dar es Salaam na ya boti mpaka Pemba.

Kilichomzuia ni wifi. Watu walitazamia dada amtetee kaka yake, kama ilivyo kawaida. Yeye alisimama mlangoni akasema, "Wifi, hapa hapana kaka wala dada. Mali ya mwanamke ni yake, na hii ni mali ya wanawake wawili. Kaka yangu kachukua kisicho chake, na atakirudisha akiwa anatutazama machoni. Lakini ukiondoka leo atakirudisha kwa nani?"

Dada zetu, dini yetu haina utata katika jambo hili. Mke halazimiki kumpa mume senti ya mali yake, na akimpa kwa ridhaa ni wema wake. Wengi tunalijua la mahari tu, la kibubu tunalisahau. Kwa hiyo hatukuanza kwa kumuuliza Fundi kwa nini anacheza na treni. Tulianza na pesa.

Mama yetu alimkalisha mkekani, akamuuliza mbele yetu. Alikiri. Halafu akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa yeyote, hata kwa mkewe wa miaka tisa. Baba yao alikuwa mpagazi stesheni ya Mwanza. Baadhi ya siku alikuwa akienda na mwanawe, anamkalisha juu ya mzigo ili aone treni ikiingia. Fundi alikuwa darasa la tano baba alipofariki. Mdogo wake, huyu anayeandika nusu ya maneno haya, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hana picha ya baba kichwani, wala hana sauti yake.

Usiku ule ndipo alipojua kwa mara ya kwanza kwamba baba yake alikuwa na kawaida ya kuhesabu mabehewa kwa sauti.

Sasa, hapo ndipo watu wengi wangetaka tuseme tulilia, tukasamehe, yakaisha. Hapana. Huruma ni huruma na deni ni deni. Tulimhurumia, na tulimdai. Tukaweka masharti matatu.

La kwanza, pesa irudi yote kabla chuma kimoja hakijawekwa chini. Ilimchukua miezi mitano. Miezi yote hiyo kichwa cha treni kilikaa ndani ya boksi lake juu ya kabati la vitambaa, na hakuna aliyekigusa. Ovaloki ikaja kwanza.

La pili, kila senti ya reli iandikwe daftarini, na itoke kwenye mfuko wake baada ya chakula, ada, kodi ya fremu na haki za watu. Vikibaki vipande vya aluminiamu kazini ambavyo ni vyake, avitumie. Visipobaki, asubiri.

La tatu, treni isimame adhana inapoadhiniwa. Na saa za mchezo wake ziwe na saa za kwetu. Akikaa na reli saa mbili Jumamosi asubuhi, Jumapili jioni yeye ndiye wa watoto na vyombo, sisi tunakwenda darsa.

Hilo la mwisho tunalisisitiza, kwa sababu malalamiko mengi tunayoyasikia kwa wateja wetu siyo kuhusu mchezo wenyewe. Ni kwamba mume anapumzika na mke hapumziki. Anayeosha masufuria huku anamtazama mwenzake akisugua baiskeli, au akilisha njiwa, ataichukia hiyo baiskeli na hao njiwa, na hatutamlaumu. Mpangieni zamu mapema, chuki haitapata pa kukaa.

Deni lilipoisha, tulijenga pamoja. Tunasema tulijenga, maana mwanzo tulikwenda kutazama tu, na baada ya dakika kumi mmoja wetu alikuwa ameshika futi kamba.

Atakayependa kujaribu, kazi inakwenda hivi. Kwanza unachagua mahali tambarare, na kama hapapo unapasawazisha. Mteremko usizidi sentimita mbili kwa kila mita moja, la sivyo kichwa kinashindwa kupanda na mabehewa yanakisukuma kikishuka. Kona iwe pana. Treni fupi za aina hii zinaweza kupinda kwenye duara la nusu kipenyo cha sentimita 60, lakini tuliweka mita moja na nusu, na kila anayeona anasema inapendeza zaidi. Ni kama kukata kola, ukikunja kwa nguvu kitambaa kinakuonyesha.

Kisha unachimba mtaro wa kina cha shibiri, unajaza mawe yaliyopondwa, juu unamalizia na chenga ndogo. Mawe tulinunua kwa akina mama wanaoponda kokoto kando ya barabara, na tuliwalipa bei waliyotaja bila kuvutana, kwa sababu tunajua kazi ya mikono. Mawe haya si pambo. Yanapitisha maji. Reli ikikaa juu ya udongo mtupu, mvua ya kwanza tu inainyonya.

Mataruma tulikata kwa mbao, tukayachora mifereji miwili kwa msumeno, na vipande bapa vya aluminiamu vikasimama ndani ya mifereji hiyo. Kipimo tulitengeneza cha kibao cha milimita 45 kamili, tukakipitisha kila hatua. Fundi alitaka kuunganisha chuma na chuma kikaze kabisa. Sisi tukamwuliza, jua la Mwanza je? Akaenda kupiga hesabu, akarudi kimya. Mita sita za aluminiamu zikipanda joto kwa nyuzi 30, zinarefuka kama milimita nne. Zisipopata pa kwenda, zinapinda kama nyoka. Basi tukaacha nafasi ndogo kwenye kila kiungo, kama tunavyoacha akiba ya mshono kwa bi harusi anayesema hatanenepa.

Mabehewa yalitoka Makoroboi, pale mjini palipopata jina kwa koroboi zilizokuwa zikitengenezwa kwa mabati chakavu. Fundi bati alitukatia vipande, sisi tukatengeneza mapazia ya madirisha kwa mabaki ya shifoni. Umeme hatupitishi kwenye reli. Aluminiamu inafanya utando unaozuia umeme, na vumbi ndiyo usiseme. Fundi simu mmoja alitia betri ya bisibisi ya umeme ndani ya behewa la kwanza pamoja na kipokezi cha rimoti, na treni inajiendesha yenyewe.

Watu wa kuchezea hatukuweka stesheni. Tunajua kuna wanaoona vikaragosi vya watoto havina neno na wanaokataa, na hatukutaka uani kwetu pawe mahali pa mabishano. Stesheni ina benchi tupu, na inatosha. Mwenye shaka amuulize shekhe wake.

Kujenga kulituchukua Jumamosi kumi na moja. Kutunza hakuna mwisho, na dada zetu, hapa ndipo tulipojuana upya.

Msimu wa kwanza mchwa walikula mataruma. Tulinyanyua reli tukakuta unga. Fundi alitaka kupaka oili chafu ya magari, nasi tukakataa, kwa kuwa mchaichai wetu tunauchemsha chai. Tukabishana wiki nzima. Mwisho mmoja wetu alitazama kibao cha plastiki cha kukatia mboga jikoni, akakipeleka uani bila kusema neno. Vibao vya namna hiyo ndivyo mataruma yetu leo. Mchwa hawavitaki na mvua haiviozeshi.

Mvua za masika, usiku mmoja wa Aprili, maji yalishuka na tope yakachukua mita nne za reli. Tulitoka sote na tochi za simu, kanga zimefungwa kiunoni, mama yetu yuko dirishani anatuita wehu. Tulichimba mtaro wa kuyapeleka maji pembeni tukiwa tumelowa chapachapa. Hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa kuacha upande ule bila mtaro. Miaka miwili nyuma, jambo la nusu ya hilo lingetutosha kununiana mpaka Ijumaa.

Kazi za kila wiki ni ndogo lakini hazisubiri. Majani yanang'olewa kwa mkono kabla hayajaota mizizi kati ya mawe. Reli inafutwa kwa kitambaa kikavu. Kipimo cha milimita 45 kinapitishwa mzunguko mzima, na palipoachia panakazwa. Ekseli zinapata tone moja la mafuta ya cherehani, yaleyale ya mashine zetu, na yasiguse reli kamwe, kwani magurudumu yatateleza. Kuku wanafukuzwa. Kichwa na betri hulala ndani, havinyeshewi, na betri ikiwa kwenye chaji lazima mtu mzima awe karibu. Vipande vidogo vinahifadhiwa kwenye kopo lenye kifuniko, maana kuna mtoto wa miaka miwili nyumbani na kila kitu kwake ni chakula.

Tunajua yanayosemwa mtaani. Wapo wanaosema ni upuuzi, watu wazima kucheza. Hao tunawakumbusha habari iliyopokewa kuhusu Bi Aisha, Allah amridhie, kwamba alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na kimojawapo kilikuwa farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (s.a.w.) alipokiona alimuuliza ni nini hicho, na farasi gani ana mbawa. Akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman. Mtume akacheka. Sisi tunaoshona tunaipenda sana habari hii, kwa ajili ya vitambaa, na kwa ajili ya swali. Aliuliza kwanza.

Wapo wanaosema ni israfu. Hao tunawasikiliza zaidi, kwa sababu wana haki ya kuhofia. Kwetu bila daftari ingekuwa israfu kweli, na tulikaribia. Lakini israfu haipimwi kwa jina la kitu. Tumeshona magauni ya siku moja yaliyogharimu mara tatu ya reli hii, yakavaliwa saa nne, na hakuna aliyetaja israfu. Pima kwa haki zilizolipwa kwanza na kwa faida inayobaki. Kwetu faida ni saa moja kati ya Alasiri na Magharibi ambapo watu saba wa nyumba moja wanakaa uani, simu ziko ndani.

Na tuseme wazi, si kila anachokipenda mwanamume kinastahili kukaliwa pamoja. Kubeti si hobi, ni kamari, hata kama anaita mchezo. Hicho hakina daftari wala zamu ya kukirekebisha. Hapo hatuna ushauri wa mtaro na kokoto, tunasema toka kwenye hilo kabla ya kuingia.

Basi ewe bi harusi, katika yale maswali mnayoulizana kabla ya ndoa, ya kazi, ya mahari, ya kukaa na wakwe, ongeza haya. Muulize anapenda kufanya nini kwa mikono yake asipolipwa. Muulize nani alimfundisha. Muulize pesa yake inatoka wapi na saa zake ni zipi. Kisha mweleze na wewe cha kwako, kama ni kufuma, kama ni maua, kama ni kuandika hina, na umwambie saa zako pia unazitaka. Akificha, jihadhari na kificho. Kwetu treni haikuwahi kutukosea kitu. Kilichokaribia kutuvunja ni mkono ulioingia kwenye majora ya satini gizani, na miaka tisa ya sisi kutouliza.

Huko juu tulitaja reli ya Sayyid Barghash. Kitu cha mtu mmoja huondoka naye. Hii yetu, mtoto wa kwanza wa nyumba, msichana wa miaka kumi, ndiye anayepitisha kipimo sasa, na anahesabu mabehewa kwa sauti. Hakuna aliyemfundisha kuhesabu hivyo, au labda alisikia siku ile mkekani. Shangazi yake kila anapomsikia huacha mashine kidogo.

Nje ya mji wetu nako reli kubwa inajengwa, kipande cha Mwanza mpaka Isaka, kilomita 341, ambacho Rais Samia Suluhu Hassan alikiwekea jiwe la msingi Juni 2021. Siku treni ya abiria itakapoondoka, tumeahidiana kupanda sote, na mama yetu akae dirishani.

Yule bi harusi alirudi kuchukua shela lake siku mbili kabla ya ndoa. Alilivaa, likamkaa, alhamdulillah. Tulipokuwa tunalikunja akasema kwamba amemuuliza mwenzake kuhusu njiwa. Hakutuambia alijibiwa nini, na sisi hatukumchimba, hiyo ni siri yao.

Ila alipofika mlangoni aligeuka akauliza kama tuna mabaki ya turubai, maana banda linavuja.

Tulimkatia mita mbili, bila malipo.

Allah awajaalie nyumba zenye utulivu na mapenzi, awaruzuku waume wanaosema kweli, na atujaalie sisi ndimi zinazouliza kabla ya kuhukumu. Wabillahi tawfiq.